Mlango wa Nyuma

Baraka, tarehe 3 machi 2024

Mama Anastasie,

Nakusalimia kwa heshima. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba magoti yanakuachilia kufika kanisani. Sisi hapa, mimi na mtoto, tuko. Merveille alikuwa na kikohozi, sasa kimepungua.

Asante kwa samaki uliotutumia wakati wa matanga. Isidore, anayekuangalizia nyumba, alishuka na kikapu kizima kutoka kwenye boti yake, na watu walikula wakashiba. Nilitaka kukuandikia mapema. Lakini tangu tumzike mume wangu Rénovat naweka karatasi mbele yangu, kisha naona jua limekwisha kuzama na sijaandika kitu. Usidhani sina adabu.

Leo naandika juu ya nyumba. Dada yangu Liliane, aliyebaki kambini Lusenda, amesema nirudi tukae pamoja. Ukweli ni kwamba kodi ya nyumba ililipwa kwa mikono ya Rénovat na useremala wake. Mimi na jembe peke yetu hatutaiweza. Nafikiri kutoka mwisho wa mwezi wa nne.

Mama, mimi sijawahi kutoka katika nyumba ya mtu mwingine. Burundi tulikuwa katika yetu, tukafunga tukaondoka. Kambini tulikuwa chini ya hema, na hema halina bayeri. Kwa hiyo nauliza kama mtoto anavyouliza: mpangaji akitoka, matengenezo yapi ni yake na yapi ni ya bayeri, mwenye nyumba? Hapa mtaani kila mtu ana sheria yake. Jirani yangu Espérance anasema mpangaji anapaka chokaa, anasafisha choo, anarudisha ufunguo. Kuta na manjanja ya paa ni vya bayeri. Mume wake anamcheka, anasema kitu chochote kilichoharibika ukiwa ndani ni chako, hata kama aliyekiharibu ni mvua.

Chokaa nitapaka. Kufuli la mbele Rénovat alilibadilisha, litabaki. Sebuleni mvua inapita kwenye manjanja mawili, tunatega sufuria. Niambie yaliyobaki. Nataka kukurudishia nyumba kama tulivyoikuta, nisiondoke na neno nyuma yangu.

Binti yako,
Mama Merveille (Marie-Goreth)

*

Ubwari, tarehe 17 machi 2024

Mama Merveille,

Salamu kwako na kwa mtoto. Mimi ni mzima, magoti ni yale yale. Kikohozi cha mtoto mpe maji ya majani ya mpera, asubuhi kabla hajala.

Pole tena. Mume wako alikuwa mtu wa kimya na sikuwahi kusikia malalamiko juu yake.

Espérance amekuambia kweli. Chokaa, choo na ufunguo ni vyako. Manjanja ni yangu, nitamtuma Isidore wakati wa kiangazi.

Lakini kuna jambo ambalo hukuliandika. Vanessa, mtoto wa ndugu yangu, alikuja matangani kwa niaba yangu. Aliporudi huku Ubwari alinieleza namna wanawake walivyokuwa wakipitisha sahani za bugali na sombe kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia nyumba yangu haina mlango wa nyuma. Akasema, "Mama mukubwa, iko. Nilipita pale mi mwenyewe na sahani mukononi."

Nyumba ile aliijenga marehemu mume wangu Eugène, na aliijenga na mlango mmoja. Alisema mlango wa nyuma ni wa wezi. Mwaka juzi Isidore aliniambia kwamba mume wako ametengeneza ukuta. Nikasema vema. Neno mlango hakulitaja. Nimemuuliza, anasema alifikiri najua.

Nilikupa nyumba ya mlango mmoja. Unirudishie nyumba ya mlango mmoja. Mpaka hapo garantie yenu, ile amana mliyotoa mlipoingia, itabaki kwangu.

Mama mwenye nyumba,
Anastasie

*

Baraka, tarehe 24 machi 2024

Mama Anastasie,

Amani iwe kwako. Leo ni Jumapili ya Matawi. Merveille amerudi na tawi lake na ameliweka juu ya kabati. Maji ya mpera yamemsaidia, asante. Na wewe, jaribu kukanda magoti kwa mawese ya moto. Mama yangu alikuwa akifanya hivyo.

Nimesoma barua yako mara nyingi. Nisamehe kwamba sikuutaja mlango. Si kwamba nilificha. Nimeuzoea hata nilisahau kuwa haukuwapo tulipofika.

Naomba nikueleze ulivyokuja, kwa sababu Rénovat hakutoboa nyumba yako.

Ukuta wa nyuma ulikuwa unakunywa mvua tangu mwaka wetu wa kwanza. Ni matofali mabichi, unajua, na upande ule paa ni fupi. Tulimwambia Isidore, akasema Mama atatuma mtu. Tulimwambia tena, akasema tungoje kiangazi. Kiangazi kikapita. Mvua zilipoanza, siku moja tukiwa mezani, kipande cha ukuta kiliangukia nje. Hakikupiga kelele nyingi. Tuliona mihogo ya jirani kupitia pale, na jirani akiwa na jembe akatusalimia. Merveille alicheka hata akamwaga maji.

Rénovat alimaliza kula kwanza. Kisha akasimama mbele ya lile shimo, akaliangalia kama alivyokuwa akiangalia ubao kabla ya kuukata. Akasema, "Mungu amekwisha kufungua. Mi nitaweka tu fremu." Alisawazisha kingo, akajenga upya pembeni, akaweka fremu na mlango wa mbao zilizobaki kwenye kitanda cha mteja. Hakukudai kitu. Alisema ukuta wa mtu ukikuangukia mezani, umekuwa wako kidogo.

Ubao wa chini haukutosha. Palibaki nafasi ya kiganja kati ya mlango na sakafu. Aliahidi kuongeza kipande, na hakuongeza, kwa sababu kuku wetu mwekundu alijifunza kupita pale kila asubuhi kuja kutaga chini ya kitanda. Mwaka huu alisema, "Pasaka ikipita, nitaziba." Ilikuwa mwezi wa kwanza, kabla homa haijamlaza.

Jioni alikula akikaa kwenye kizingiti kile, miguu nje. Nikiwa jikoni uani nilikuwa naona magoti yake tu. Alipougua tulimtandikia mkeka akielekea pale. Maneno yake ya mwisho kwangu yalitoka katika mlango ule. Aliniambia, "Mama Merveille, maharagi yanakauka maji." Nikaenda kuangalia. Yalikuwa yanakauka kweli. Niliporudi hakusema tena.

Mama, kama ni kutafuta nani alipaswa kutengeneza ukuta ule, nafikiri ilimpasa bayeri kabla ya mpangaji. Silisemi kwa ubishi. Garantie unaweza kukaa nayo. Naomba tu mlango ubaki. Ni kazi yake ya mwisho ambayo haikuuzwa. Vitanda na makabati yote yako katika nyumba za watu nisiowajua.

Binti yako,
Mama Merveille

*

Ubwari, tarehe 14 aprili 2024

Mama Merveille,

Salamu. Mimi ni mzima. Funga huo mlango.

Anastasie

*

Baraka, tarehe 25 aprili 2024

Mama Anastasie,

Nakusalimia. Natumaini uko mzima na watu wa nyumbani pia. Huku mvua bado zinanyesha na maji ya ziwa yamepanda, Isidore sasa anafungia boti yake mahali ambapo zamani walikuwa wakianika samaki wa ndakala.

Barua yako nimeipata. Nitafanya ulivyosema.

Nimempata fundi, anaitwa Jérémie. Alimjua Rénovat, walifanya kazi kwenye chantier moja ya ujenzi, kwa hiyo amekubali malipo ya mahindi na maharagi ya shamba langu. Matofali ni ya kuchoma, yatadumu kuliko yale ya zamani. Anaanza jumatatu. Ijumaa Liliane anakuja na pikipiki mbili kutuchukua.

Mlango nimekwisha kuutoa kwenye bawaba. Nilifikiri utakuwa mzito. Nimeuegemeza ndani, ukutani, na nafasi imebaki wazi. Usiku naifunika kwa pazia.

Kuku amechanganyikiwa. Amezoea kuinama ili apite chini ya mlango. Sasa hakuna mlango, na bado anafika pale, anainama, ndipo anapita. Merveille anamwita mjinga. Mimi namwangalia tu. Mambo mengi siku hizi nayaangalia tu. Jana mtu alinipa pole barabarani, na nilikuwa nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka kwamba sikumjibu.

Pasaka imepita. Nimeona ni tarehe tu.

Ukuta ukikauka nitapaka chokaa nje na ndani. Ufunguo nitamwachia Isidore. Mwambie aje kuangalia kila kitu, chumba kwa chumba, mimi nikiwa bado hapa, kama desturi ilivyo, ili baadaye pasiwe na la kusema.

Nakushukuru kwa miaka yote tuliyokaa kwako.

Binti yako,
Mama Merveille

*

Ubwari, tarehe 28 aprili 2024

Mama Merveille,

Salamu nyingi. Kama uko mzima, vema. Mimi leo sijaenda kanisani na si kwa ajili ya magoti. Isidore ananingojea ufukweni na injini imekwisha kuwashwa, kwa hiyo nitaandika upesi na vibaya.

Usifunge.

Nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Déogratias. Tulimwita Déo. Alikuwa anasoma, alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Wakati wa vita watu wenye silaha waliingia mtaa wetu mchana. Mimi nilikuwa nimeshuka ziwani kununua ndakala. Majirani wote waliokuwa na mlango wa nyuma walitokea kwenye mihogo, wakalala chini, na waliishi. Wengine wako hai mpaka leo, unawaona sokoni. Déo alikuwa ndani. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja, na wao ndio waliosimama pale. Sitaandika zaidi ya hapo.

Eugène hakuishi sana baada yake. Mimi nilikuja huku kwa kaka zangu. Tangu siku ile sijaingia katika nyumba ile, nimeiacha kwa Isidore na wapangaji. Kila mvua ilipobomoa kitu nilisema ngojeni. Sikuwa mchoyo, mwanangu. Sikutaka mtu auguse ukuta ule.

Vanessa aliposema kuna mlango wa nyuma, nilisikia kama mtu ananicheka. Miaka hii yote nimeukata mlango ule kichwani mwangu. Najua ungekuwa mahali gani, najua ungefungukia upande gani. Halafu mgeni anakuja, anauweka kwa mbao zilizobaki kwenye kitanda, na watoto wanapita na sahani. Nikaona heri ufungwe. Nyumba ya mlango mmoja naijua, nimezoea kuishi nayo.

Lakini wewe umeniandikia juu ya magoti ya mume wako kwenye kizingiti. Tangu barua ile ya Matawi siyaachi magoti hayo. Mtu alikaa pale akala chakula chake, miguu nje. Kisha jana nimesoma habari ya kuku anayeinama. Nimeiweka barua chini, nikaichukua tena.

Mwambie fundi aache. Ukuta ulianguka kwa uzembe wangu na mume wako aliutengeneza. Wewe huna deni kwangu.

Mama Déo

Watu hawaniiti hivyo tena. Wewe unaweza.

*

Baraka, tarehe 2 mei 2024

Mama Déo,

Nakusalimia sana. Tuko wazima. Naomba uwe mzima pia, na uwe umekula, kwa sababu Isidore ameniambia siku ile uliandika bila kula.

Barua yako haikunikuta jumapili. Boti ilizuiwa na upepo, Isidore akalala njiani. Alifika jumatatu mchana, amekuja moja kwa moja kutoka ufukweni, suruali imelowa mpaka mapajani, barua ameiweka ndani ya kofia.

Jérémie alikuwa ameanza asubuhi. Ni fundi wa haraka. Ukuta ulikuwa umefika kiunoni mwangu.

Nilisoma nikiwa nimesimama. Jérémie akauliza, "Mama, nibomoe ao nipandishe?" Nikamwambia angoje. Akanawa mikono, akakaa juu ya matofali yaliyobaki. Isidore naye akakaa. Nilisoma tena tangu mwanzo. Walidhani kuna kifo kingine.

Sikujua la kufanya. Kubomoa, matofali yangevunjika na Jérémie alikuwa amekwisha kula nusu ya mahindi yake. Kupandisha, wewe umesema hapana. Nikageuka nione ukuta wenyewe. Kuku mwekundu alikuwa amepanda juu yake. Alijaribu kupita chini akakuta matofali, akaruka. Alisimama pale juu akiangalia ndani, kisha akashuka, akaenda chini ya kitanda kama kila siku.

Nikasema, "Acha hapo hapo."

Jérémie akasema, "Kuacha namna gani? Hii si mulango, na si ukuta."

Isidore akamwambia, "Wewe fundi gani? Hii ni dirisha."

Walicheka. Nilisikia kwamba na mimi nimecheka, sauti ilitoka.

Jérémie alilainisha juu kwa saruji kidogo. Mlango niliukata mwenyewe kwa msumeno wa Rénovat. Alikuwa haruhusu mtu kuugusa msumeno ule, hata mimi, alisema mikono ya watu inaupotosha. Nilikata taratibu na haukupotoka sana. Nusu ya juu tumeirudisha kwenye bawaba, sasa ni kifuniko cha dirisha lako. Nusu ya chini, ile yenye nafasi ya kuku, naomba nichukue. Najua kwa desturi mpangaji haondoi kitu alichojengea nyumba. Naomba hiki kimoja.

Chokaa nimepaka jana na leo. Nilipofika chumba cha nyuma nilimwombea Déo na Rénovat kwa pamoja, nikawataja mmoja baada ya mwingine.

Isidore amezunguka nyumba nzima na mimi. Ameandika kwamba kila kitu ni sawa. Lakini si sawa, Mama. Nilikuahidi nyumba kama tulivyoikuta. Tuliikuta na ukuta, tukaipa mlango, na sasa nakuachia dirisha ambalo hakuna aliyeliomba. Uliniambia funga, nikafunga. Uliniambia usifunge, nikaacha. Kama kuna kosa, sijui tena ni la mpangaji ao la bayeri.

Kesho asubuhi tunaondoka.

Binti yako,
Mama Merveille

*

Lusenda, tarehe 16 juni 2024

Mama Déo,

Nakusalimia kutoka kwa dada yangu Liliane, naye anakusalimia ingawa hamjuani. Je, magoti? Je, kiangazi kimeanza huko Ubwari?

Sijui kama barua yangu ya mwisho ilifika. Nimemtuma motari mmoja wa pikipiki anayeshuka Baraka amwulize Isidore, akarudi akisema Isidore yuko ziwani. Kwa hiyo naandika tena.

Sisi tuko. Merveille amepata nafasi shuleni, anakaa dawati moja na mtoto wa Liliane na wanagombana. Mimi nalima. Ile nusu ya mlango ilisafiri kwenye pikipiki ya pili, imefungwa nyuma ya dereva, na kwenye kila kizuizi cha barabarani waliuliza ni ya nini. Dereva alichoka kueleza, akawa anawaambia ni meza ya padri, wakawa wanatuachilia. Nimeifanya mlango wa banda la kuku. Kuku anapita chini yake kama zamani.

Kuna siku naamka na nakumbuka kabla sijafungua macho. Siku nyingine nakumbuka nikiwa nimekwisha kuwasha moto. Ni tofauti ndogo hiyo tu.

Kama dirisha limekuchukiza, niambie. Nitakuja na Jérémie atamalizia. Sitaona vibaya.

Binti yako,
Mama Merveille

*

Baraka, tarehe 11 agosti 2024

Mama Merveille, binti yangu,

Nakusalimia, wewe, Merveille, Liliane na mtoto wake mgomvi. Mimi ni mzima. Barua zako zote mbili nilizipata. Sikujibu kwa sababu nilitaka kwanza nione kwa macho, na kuamua kuja kulinichukua muda kuliko safari yenyewe.

Ona juu ya karatasi nilipoandika mahali. Niko Baraka. Nimefikia kwa mke wa Isidore.

Alhamisi tulikwenda kwenye nyumba. Isidore alifungua, mimi nikabaki nje na Espérance, ambaye alizungumza bila kupumua juu ya bei ya unga, na nilimshukuru kwa hilo. Kisha nikaingia. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi. Nilikuta chokaa. Umepaka vizuri, hata pembeni. Manjanja mawili yamekwisha kubadilishwa, unaweza kumwambia Merveille kwamba sufuria imepata likizo.

Nilizunguka kama bayeri anavyozunguka. Kufuli, sakafu, dari. Chumba cha nyuma nilikiacha mwisho. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nikasukuma, likafunguka bila kelele, bawaba zake ni nzuri. Nikaiona mihogo ya jirani. Ni mtoto wa yule jirani wa zamani anayeilima sasa. Alinisalimia na jembe lake, kama ulivyoandika.

Kisha nikamwomba Isidore aniletee kiti kidogo cha jikoni. Alidhani nimechoka, nataka kukaa. Nikakiweka chini ya dirisha, nikapanda. Nikapitisha mguu wa kwanza. Nikakaa juu ya ukuta wa Jérémie, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, kitenge kimepanda mpaka mahali ambapo mama wa umri wangu haonyeshi.

Isidore akaniambia, "Mama mukubwa, unafanya nini?"

Nikamwambia, "Napima."

Akataka kunishika mkono, nikamkataza. Nikapitisha mguu wa pili, nikajiachilia. Magoti yaliuma, lakini yalinishika. Nikawa nimesimama nje, udongo wa mihogo ndani ya viatu. Espérance alikuwa anatazama kutoka kwake.

Mimi ni mzee wa miaka zaidi ya sabini na nimepita.

Nilikaa kwenye mihogo kidogo. Sikulia. Nilidhani nitalia, nikangoja, hakukuja kitu. Mtoto wa jirani aliendelea na palizi yake. Baadaye nilizunguka, nikaingia tena kwa mlango wa mbele, nikanywa maji.

Garantie yenu Isidore atakuletea mwenyewe Lusenda, yote. Nusu ya mlango ni yako, usiiombe tena.

Amepatikana mpangaji, mwalimu, ana mke na watoto. Ni watu wazuri. Ameangalia nyumba, ameipenda. Aliuliza jambo moja tu: kama anaweza kuweka antivol kwenye dirisha la nyuma, vile vyuma vya kuzuia wezi, kwa gharama yake mwenyewe. Nilimkatalia. Nikamwambia akitaka aweke vyuma madirisha mengine yote, lakini lile la nyuma halitawekwa chuma mimi nikiwa hai. Akauliza, je, wezi wakivunja, nani atatengeneza?

Nikamwambia, lile dirisha likivunjika, leo ao mwaka ujao, akiwa ndani ao akiwa ametoka, matengenezo ni yangu.

Mama yako,
Mama Déo